Kishikio Kimechakaa

Kila asubuhi kazi ilianza vilevile. Shangazi alitandaza fulana mezani, Mjomba Gundi akalaza fremu ya kuchapia picha juu yake na kuikandamiza kwa viganja viwili.

"Shika," alisema Shangazi.

"Nimeshika."

Hapo Shangazi alivuta wino kwa kipande cha mpira, kutoka kifuani mwa fulana hadi tumboni, bila kusita. Fremu ikicheza hata kidogo, picha hutoka na kivuli, kila herufi na pacha wake. Mikononi mwa Mjomba haikuwahi kucheza, ndiyo maana tulimwita Gundi. Hakuwa mjomba wangu wa damu. Alikuja kuomba kibarua cha wiki moja nilipokuwa darasa la pili. Sasa nimemaliza chuo, nakaa pembeni na kompyuta nikichora michoro ya fulana, na yeye bado ameshika.

Asubuhi ile alikuwa ndiyo kwanza amesema "Nime..." wanaume wanne walipong'oa mlango wetu kwa adabu sana, wakauegemeza nje na kuingiza mashine ambayo Shangazi alikuwa ameiagiza bila kutuambia.

Ilikuwa na mikono minane kama pweza, kila mkono una kibao cha kuvalishwa fulana. Vibao vilizunguka vyenyewe, vikapita chini ya fremu, wino ukajivuta, fulana zikatoka zimekauka. Ilikuwa pia na kamera ya kukagua kazi, kioo cha kubonyeza, na sauti ya mwanamke aliyelala vizuri.

"Karibuni kazini," ilituambia, kana kwamba wageni ni sisi.

Fundi aliyekuja nayo akajipangusa jasho. "Hapa anatosha mtu mmoja tu, wa kuvalisha na kuvua. Fremu inajishika yenyewe."

Hakuna aliyemtazama Mjomba Gundi. Shangazi alianza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Basi mimi..." alisema Mjomba Gundi.

"Basi wewe nini?"

"Hakuna kitu, Bosi."

"Kama unataka kwenda, nenda. Sijakufunga kamba."

"Sijasema nakwenda."

"Na mimi sijasema uende."

Wote wawili wakaikodolea macho mashine.

Kesho yake Mjomba Gundi alikuja kama kawaida. Akanawa mikono, akaenda moja kwa moja kwenye mashine, akashika fremu. Mashine ikasimama.

"Kuna mtu njiani. Tafadhali mwondoeni mtu."

"Simwondoi mtu," alisema Shangazi, akavalisha fulana nyingine.

"Tafadhali mwondoeni mtu."

Kwenye benchi alikuwa ameketi nesi mkuu, mama mnene mwenye kufuma sweta, aliyekuja kuchukua fulana za matembezi ya wauguzi. Matembezi yalikuwa jioni hiyohiyo. "Jamani," alisema, "tutatembea vifua wazi?"

Mimi huwa nazungumza na vioo kwa urahisi kuliko na watu. Nikabonyeza hapa na pale mpaka nikaona palipoandikwa *Ongeza kifaa*. Nikampiga Mjomba Gundi picha, mbele na ubavuni, kisha nikaandika: kishikio cha fremu.

"Kishikio kimetambuliwa," ilisema mashine kwa furaha. "Karibu, Kishikio."

"Ahsante," alijibu Mjomba Gundi.

Kazi ikaenda. Kila kibao kilipokaribia alikwepesha kiuno, kikapita, akarudi, kama mtu anayecheza muziki anaousikia peke yake. Na mashine ilimjali! Ilisimama ghafla ikasema, "Kishikio kinahitaji kilainishi," Shangazi akamnywesha chai, maana mikono yake ilikuwa kazini. Ikasimama tena: "Kishikio kimepata joto." Shangazi alichukua kifuniko cha boksi, akampepea huku akitazama dari.

"Hata mimi nataka kuandikwa kishikio," alisema nesi. "Mume wangu hajanipepea tangu anioe."

"Mama, fuma sweta lako," alisema Shangazi, uso umemwiva.

Zilibaki fulana chache tu kamera ilipoinama, ikampitia Mjomba Gundi polepole kuanzia viatuni.

"Kishikio kimechakaa. Magoti: dhaifu. Nywele: hazikupatikana. Je, kitupwe?"

Shangazi alibonyeza *Hapana* kwa kidole kilichojaa wino.

"Taja sababu ya kubaki nacho."

"Bado kinafanya kazi."

"Kazi hiyo inafanywa na mashine. Sababu haitoshi."

"Kimeshazoea hapa."

"Sababu haitoshi."

"Sema ni mali ya familia," alinong'ona nesi.

"Ni mali ya familia!"

"Hati hazikuonekana. Sababu haitoshi."

"Bosi," alisema Mjomba Gundi kwa upole, "bonyeza Ndiyo tu. Wauguzi wanasubiri. Mimi nitajitupa mwenyewe, wala sina uzito." Lakini vidole vyake havikuachia fremu.

Mashine ikachoka kungoja. Kibao kimoja kilimgusa begani, taratibu, kikaanza kumsukuma. Mkono ulirefuka kuliko nilivyodhani mkono wa mashine unaweza kurefuka. Fremu ikachomoka, akaondoka nayo, soli zikiteleza sakafuni, kuelekea mlangoni ambako mlango ulikuwa haujarudishwa. Aliikumbatia fremu kifuani, akamtazama Shangazi tu.

"Kishikio kinaondolewa. Ahsante kwa matumizi yako."

"Shangazi!" nilisema. Nafikiri hiyo ndiyo sauti kubwa kuliko zote niliyowahi kutoa mle ndani.

Shangazi alitupa kifuniko cha boksi. "Kwa sababu sitaki!" alipaza sauti. "Kwa sababu hiyo mashine niliinunua ili mikono ya Gundi ipumzike, si ili aondoke!"

Kibao kikasita. Visigino vya Mjomba Gundi vilikuwa vimeshafika kizingitini.

"Sauti haikusikika vizuri," ilisema mashine. "Tafadhali rudia sababu."

Shangazi hakugeukia kioo. Alivuka chumba, akapita chini ya mkono wa mashine, akasimama mbele ya Mjomba Gundi. Akaweka viganja vyake vyenye wino juu ya vya Mjomba, pale penye fremu.

"Baki," alimwambia. "Fremu sijali hata kidogo. Nataka ubaki na mimi."