Nusu ya Pili ya Rozari

Alhamisi ilikuwa zamu yangu kupokea shirika letu la sala nyumbani kwangu. Nilipanga mabenchi yote, ingawa nilijua wenzangu wamekimbia vita, na mume wangu Bulonza sijui yuko wapi.

Nikaanza rozari peke yangu, kwa sauti. Kwetu kiongozi husema nusu ya Salamu Maria, wengine huitikia nusu ya pili. Kwa mazoea nilifika katikati nikanyamaza, nikingoja. Kimya. Nikakasirika, nikamwambia Mungu, "Basi itikia Wewe."

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa mbao. "Maria Mutakatifu, Mama wa Mungu, utuombee."

Alikuwa jirani yangu Mama Aksanti, Mprotestanti, aliyelalamika kila zamu yangu kwamba rozari yetu inamsumbua. Siku hizi naye amebaki peke yake.

"Lakini wewe huamini haya," nikamwambia.

"Siamini. Ila nimeyasikia miaka yote hii. Endelea, mama, usiniache katikati."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu Bulonza apotee. Nikasogeza benchi hadi ukutani, nikaanza tena tangu mwanzo, polepole, ili isiishe upesi.