Pazia la Mama

Wakili wangu, Bi Hoekstra, alipambana na hospitali ya wagonjwa wa akili niliyofungiwa na mahakama mpaka jaji akakubali nitoke mchana mmoja, nikisindikizwa. Nikachagua mtaa wetu, mjini Winschoten. Kubisha hodi sikutaka. Nilitaka kupita tu, nimwone mama dirishani, maana kwetu hakuna anayefunga pazia mchana. Ukifunga, majirani wanakusema. Hata wiki ile nilipochoma karakana ya baba, nikiwa mgonjwa, mama hakulifunga.

Nilifika na Wiebe, nesi wangu. Pazia lilikuwa limefungwa.

"Mliwaambia nakuja?"

"Ndiyo sheria, kaka. Familia lazima iarifiwe. Nao wana haki zao."

"Haki ya kunifungia pazia?"

"Labda jua linamuumiza macho."

"Jua gani, Wiebe? Mvua inakuchuruzika puani!"

Akajifuta pua. Nilitamani kumpigia Bi Hoekstra palepale, turudi kwa jaji. Lakini mama ningemshtaki kwa kosa gani?

Kabla hatujaondoka nikalipungia mkono lile pazia, taratibu, mara mbili. Ni la zamani. Labda lina tundu.