Mpenzi Mwenye Kichwa cha Bati

Kila Alhamisi alasiri Purity alichambua filamu redioni mjini Kisii, na wasikilizaji walimpenda kwa sababu hakumwonea mtu haya. Siku hiyo zamu ilikuwa ya filamu ya vijana wa Keumbu: mchuma chai anampenda mgeni kutoka sayari nyingine, mwenye kichwa cha bati na sauti ya kukwaruza, ambaye chakula chake ni mvuke wa ndizi zinazochemka.

"Huo mvuke niliukubali," Purity alisema. "Lakini mapenzi yenyewe! Mgeni anamwambia yule dada, 'Ukicheka, nasahau njia ya kurudi kwetu.' Jamani, hakuna mwanamke aliyewahi kuambiwa hivyo. Na mwigizaji anatamka kama anayesoma tangazo la matanga."

Gibson, mtangazaji mwenzake, alicheka hadi akakohoa. Wakaanza kupokea simu. Msikilizaji wa Suneka alimuunga mkono Purity. Kisha akapiga mama mmoja wa Ekerenyo.

"Mama Cynthia," sauti ikasema, ikimwita Purity kwa jina la mtoto wake, na Purity akaganda. Alikuwa mama mkwe wake. "Huyo unayemcheka ni Onchiri."

"Onchiri gani, Mama?"

"Kwani unao wangapi? Bwanako! Hicho kichwa alikichomelea mwenyewe. Kila Jumapili alikuwa akifanya mazoezi hapa jikoni kwangu."

Gibson akaweka wimbo mbiombio. Purity akavua vipokea sauti vya masikioni. Onchiri? Fundi wa kuchomelea mageti, mtu ambaye akipenda chakula husogeza sahani tu aongezewe? Jumapili zote hizo alisema anaenda kumsaidia mamake shambani.

Alimkuta nyumbani akimenya ndizi, redio ikiwa bado inaongea.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kwa nini hukuniambia, Baba Cynthia?"

"Ningekuambia, ungeisifu tu."

Purity akaketi. "Na yale maneno ya mgeni, aliyaandika nani?"

Onchiri hakuinua macho. "Vijana waliniambia niseme vile ningemwambia mtu ninayempenda. Mimi nina nani mwingine?"

Purity alikuwa amewatangazia watu wa Kisii na Nyamira kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kuambiwa hivyo, kumbe aliyeambiwa ni yeye.

"Nitaomba msamaha hewani," akasema kwa shida.

"Wa nini? Kwani filamu ni nzuri?"

Alijaribu kudanganya, ulimi ukagoma. "Ni mbaya. Ni mbaya sana."

"Hata mimi niliona," Onchiri akasema, lakini kisu kilikuwa kimesimama mkononi.

Alhamisi iliyofuata Purity aliwaambia wasikilizaji kwamba filamu haikumfurahisha, ila mwigizaji ni mumewe, kwa hiyo waende wajionee wenyewe. Jioni hiyo ukumbi wa Keumbu ulijaa hadi mlangoni. Onchiri hakwenda; alisema ana geti la mtu la kumalizia. Purity, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga karakana yake, akajitanda mtandio akamfuata huko.