Wote Wanatyuni Kutoka Kwangu

Ukitaka kujua cheo cha mpiga besi, angalia picha ya bendi yoyote ya mjini kwetu. Mwimbaji yuko katikati, mpiga solo kapinda mgongo kama anaumwa tumbo, mpiga drams kaonyesha meno yote. Mimi ni ule mkono unaoonekana pembeni. Picha yetu moja ilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi, na aliyeikata alinikata mzima mzima, akabakiza kichwa cha gitaa. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, nifanyeje.

Tena afadhali tungekuwa bendi ya harusi, tungekula vizuri. Sisi tunapiga roki, katika mji wa watu wanaotaka kucheza wawili wawili. Tukimaliza wimbo wa nne hakosekani mzee mmoja wa kuja mbele kutuuliza, kwa adabu kabisa, kama tumeshamaliza kujaribu vyombo ili muziki uanze. Kumbini tunapangiwa mchana, kabla ya mpira, na mpira ukianza televisheni inawashwa hata kama tuko katikati ya wimbo. Na fundi mitambo yeyote, wa ukumbi wowote, akiambiwa kelele zimezidi, kitu cha kwanza kupunguza ni besi. Sijui nani aliwafundisha. Nadhani wanazaliwa nalo.

Lakini nilikuwa na heshima moja, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Kwenye bendi yetu wote wanatyuni, yaani wanakaza na kulegeza nyuzi zao, kutoka kwangu. Wenzetu wana vile vidude vinavyobanwa kwenye kichwa cha gitaa, vinawaka taa ya kijani uzi ukikaa sawa. Sisi hatuna. Mwimbaji wetu, ambaye kazi yake ni unesi na kila mtu anamwita Sista, alivikataa tangu mwaka wa kwanza. Alisema bendi iliyotyuniwa na mashine inalia kama simu. Kwa hiyo miaka kumi na moja tumeanza kazi hivyo hivyo: mimi natyuni kwa sikio, napiga uzi mnene mara tatu, watu wote wananyamaza, na Waya, mpiga solo wetu ambaye ni fundi umeme, anaufuata. Hakuna anayehakiki. Nikisema hii ndiyo nota, basi ndiyo hiyo.

Sasa sikiliza balaa. Tangu mwaka jana sikio langu la kulia limeharibika. Sauti za watu hazipiti kabisa upande huo. Nyuzi zinapita, ila zinapita vibaya: napiga uzi mmoja, kushoto nasikia nota moja na kulia nasikia nyingine, chini yake kidogo. Siku mbaya hizo nota mbili zinagombana kichwani na mimi sijui ipi ya kweli. Ni kama kuwa na saa mbili mkononi zinazopishana, na una miadi.

Nilikwenda kwa daktari wa masikio kimya kimya. Wakaniingiza kwenye kijichumba chenye kioo, wakanivalisha vipokea sauti, nikapewa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Kushoto nilibonyeza vizuri. Kulia, kimya. Nikagundua yule dada mpimaji anapiga mlio kila baada ya muda ule ule, na mimi kuhesabu ndiyo kazi yangu. Nikawa nahesabu na kubonyeza, nahesabu na kubonyeza, safi kabisa, bila kusikia hata mmoja. Baadaye akatoka, akafungua mlango, akaniambia kwa upole kwamba mashine alishaizima tangu kitambo. Mtu mzima, baba wa watoto, nimekaa mle najiibia mwenyewe mtihani.

Daktari alisema halitarudi. Kelele za miaka mingi, alisema, na akanitaka nikae mbali nazo. Nyumbani nikamwambia mke wangu ilikuwa nta tu, wameitoa.

Kuanzia hapo nikawa mwizi. Kila mazoezi nafika mapema, najifungia chooni na gitaa, natyuni kwa simu yangu, kuna programu yake, halafu natoka na uso mkavu kuwapa wenzangu nota kama zamani. Waya akaanza kunitania kwamba tumbo langu lichunguzwe. Nikaliacha tumbo lisingiziwe.

Mtu atauliza, kwa nini usiseme? Kwa sababu najua kinachofuata. Miaka sita nyuma tulikuwa na gitaa la pili. Jamaa mwema, hana neno na mtu, lakini uzi ukishuka hasikii. Sista alitaka tumvumilie. Waya alitaka tumvumilie. Niliyesema hapana ni mimi. Nilisema, mbele yake, kwamba bendi si hospitali. Akazikunja nyaya zake taratibu, akatuaga mmoja mmoja, akaenda. Hadi leo tukikutana sokoni ananiulizia watoto wangu kwa majina, na mimi nikimwona kwa mbali navuka barabara. Kwa hiyo nilijua sheria ni ipi, maana niliitunga mwenyewe. Nikigundulika, nimekwisha. Na nikishatolewa kwenye bendi, Jumamosi yangu ni ya nini? Siku tano nasimama kwenye mashine ya kutoa kopi, natoa vyeti vya watu wengine. Besi ndiyo kitu pekee nilicho nacho ambacho si kopi.

Basi ikaja ile Jumamosi ya redio. Kituo kimoja kilikuwa kinarekodi bendi za mjini, kila bendi saa moja, wimbo mmoja. Tuliomba miaka mitatu. Sista akamleta na mpiga kinanda, msichana anayefundisha shule ya msingi, tukambatiza Mwalimu siku hiyo hiyo. Alifanya mazoezi na sisi mara mbili, akakaa vizuri. Ana tabia ya kuongea polepole, kama anaogopa kumwamsha mtu.

Saa nne asubuhi tunafika, mapokezini tunapokelewa na kapu la plastiki. Simu zote humo, alisema mama wa mapokezi, zinaingilia maikrofoni. Nikajifanya sikusikia, na safari hii nilikuwa nimesikia vizuri sana. Akalisogeza kapu. Nikaiweka simu yangu.

Nikaenda chooni vile vile, kwa mazoea. Nikaegemeza taya kwenye ubao wa gitaa ili mlio upite kwenye mfupa, kama tunavyofanya mahali pasipo na spika. Nota zikaja mbili, kama kawaida yake. Nikaliziba sikio la kulia kwa bega, zikabaki mbili vile vile, kwa sababu mfupa hauzibwi na bega. Nikakaza, nikalegeza, nikakaza tena. Mwisho nikachagua moja, iliyokuwa na utulivu zaidi, nikajipa moyo kwamba kidole cha miaka kumi na minane, saba kabla ya bendi hii, hakiwezi kusahau.

Nikatoka, nikapiga mara tatu. Wakanyamaza. Waya akaufuata uzi wangu kwa macho yaliyofumbwa. Sista akavuta pumzi.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, maana kinanda hakimo. Ubeti wa pili Mwalimu akaingia, na Sista akageuka kama aliyekanyagwa. Fundi mitambo nyuma ya kioo akanyoosha mkono, tukasimama. Tukaanza tena, ikawa vile vile. Mimi nilikuwa nasikia vurugu, lakini mimi kila siku nasikia vurugu.

Waya ndiye aliyepata jibu. Akaenda kwenye soketi, akainama, akatangaza kama mtaalamu kwamba umeme wa jengo hili ni mdogo, na umeme ukipungua kinanda kinapotoka. Nimefanya kazi na vinanda, kinanda hakiendi hivyo, hata mtoto anajua. Lakini Sista alitikisa kichwa kukubali. Shemeji yangu, mpiga drams, kaka wa mke wangu, akamwambia Mwalimu kwa sauti kubwa kutoka kwenye kiti chake, "Sisi tumetyuni kwa huyu. Miaka kumi na moja hajakosea hata siku moja."

Alikuwa ananitetea. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mwalimu akajibu kitu, hakuna aliyemjali. Akaja akasimama karibu yangu huku Waya anachomoa na kuchomeka. Niliona midomo yake inacheza. Nina mtindo mmoja tangu mwaka jana: mtu akisema nisisikie, natabasamu, nampiga bega kidogo, yanakwisha. Nikatabasamu, nikampiga bega. Akanitazama sana, kisha akarudi akachomoa kinanda chake, akakikunja miguu. Sista akamwambia asijisikie vibaya, siku nyingine. Akatoka nacho kakikumbatia. Dakika zilizobaki, alisema fundi mitambo, ni ishirini na tano.

Nikasema nakwenda chooni. Waya akasema, tumbo hilo. Nikashuka ngazi mbili mbili, nikamkuta Mwalimu mapokezini anatafuta simu yake kapuni, kinanda kakisimamisha ukutani.

Nikamuuliza nani kakosea. Nikamwomba asinipake mafuta, aniambie kweli.

"Mmeshuka," alisema. "Siyo sana. Lakini mmeshuka wote pamoja."

"Mbona hukusema?"

Akanitazama kama ninamtania. "Nilisema, kaka. Waliponipuuza nikakufuata wewe. Nilikuambia kinanda kina kitufe, naweza kukishusha nije mlipo, hakuna atakayejua. Nikakuambia mara mbili. Ukacheka, ukanipiga bega."

Nikamuuliza alisimama upande gani. Akafikiri, akanisogelea kidogo kukumbuka, akagusa bega langu la kulia.

Nilikibeba kinanda, nikapanda nacho, na yeye nyuma yangu ananiambia niache, niache, nitakiangusha.

Nilisema nikiwa mlangoni, kabla sijapumua, maana nikipumua nitadanganya. "Kinanda ni kizima. Mimi ndiye niliyekosea. Sikio la kulia halisikii, tangu mwaka jana. Nimekuwa natyuni kwa simu chooni."

Waya alifungua mdomo, nadhani juu ya umeme, akaufunga. Sista akaniuliza maswali kwa ile sauti yake ya wodini: tangu lini hasa, nani kakupima, amesemaje. Nikajibu yote, hata habari ya kubonyeza kitufe kwa kuhesabu, na hakuna aliyecheka. Nikasubiri yale maneno yangu ya bendi na hospitali yarudi kwangu. Sista akatazama saa. Akasema mengine tutayazungumza tukitoka hapa, wote wanne, na hakusema yatakuwa mengine gani. Halafu akamgeukia Mwalimu, akamwambia atupe nota.

Akatupa. Waya akatyuni kwanza. Mimi nikawa wa mwisho, Mwalimu kasimama kushoto kwangu, ananionyesha kwa kidole gumba: bado, bado, bado kidogo, hapo.

Shemeji alikuwa anatazama toazi lake kubwa la shaba, lile analolipenda kuliko vyote. Mpiga besi husimama jirani na drams ili auone mguu wa mwenzake. Ndivyo tunavyofunga pigo pamoja. Mimi husimama kushoto kwake, nimewaelekea watu, na kutoka ukingo wa lile toazi hadi sikio langu ni kama urefu wa mkono. Alilitazama toazi, akanitazama, akapima ile nafasi kwa macho.

"Shemeji," aliniita. "Hilo sikio ni la upande wangu?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na mazoezi ya mwaka mzima.

"Ndiyo," nikasema.

Akahesabu, tukaanza. Wimbo ulikuwa umenyooka, kinanda kimekaa ndani yake vizuri, hata mimi nilijua. Lakini drams zilikuwa kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Fundi mitambo akatusimamisha, akasema drams hazifiki kwake, apige. Tukarudia. Ilipofika mahali pa toazi, fimbo ikapanda, ikasimama hewani, ikashuka taratibu kama anaweka sahani mezani. Fundi akatusimamisha tena. Akasema zimebaki dakika sita, na huyu mwenye drams kama hawezi aseme.

Shemeji alikuwa kainamisha kichwa. Nikamsogelea, nikasimama pale pale ninaposimama siku zote.

"Piga," nilimwambia. "Hili sikio limeshakwenda. Piga, shemeji."

Akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akahesabu hadi nne, na tulipofika mahali pake akalipiga kwa nguvu zake zote.