Mstari wa Majivu

Mzee Nyongesa, mpishi wa nyumba kubwa, hakuamini mipango ya karatasi. Kila mara Bwana na Memsahib walipotaka kwenda kuona wanyama, yeye alichota majivu jikoni akachora uani ukubwa wa bodi ya lori. Mizigo yote ilipangwa mle ndani. Kisichoingia kilibaki pale shambani Ndabibi, hata kama ni cha Bwana mwenyewe.

Mwaka huo wa hamsini na saba safari ilikuwa ya Tsavo, na mimi, yaya wa nyumba ile, nilikuwa na langu huko. Mume wangu Kemboi alikuwa kibarua wa kutengeneza barabara ndani ya mbuga. Aliondoka nikiwa mja mzito. Sasa binti yetu Cheptoo alikuwa anatambaa, ana meno mawili, na baba yake alikuwa hajamtia machoni. Kila alipoomba likizo aliambiwa angoje kidogo.

Kwa hiyo Memsahib aliponiambia niende nao kumtunza na kumpakata njiani mwanawe mdogo, Peter, nilikubali hata hajamaliza. Ndipo akamaliza, kwa Kiswahili chao cha shambani:

"Toto yako nabaki na bibi yake. Lori hapana nafasi."

Kwenye masomo ya jioni pale kanisani mwalimu alitufundisha kuuliza jambo tukiwa tumeinua uso. Nikainua uso. Nikamuuliza, nafasi ikipatikana ndani ya mstari wa mzee, je, mtoto aende? Memsahib akayatazama majivu, akasema ikipatikana, sawa.

Basi nilisukuma mizigo siku hiyo kama mtu anayehama. Mahema nikayabana, magunia ya unga nikayasimamisha, tundu la kuku nikalipandisha juu ya masanduku. Kulikuwa pia na beseni kubwa la bati la kuogea, limejaa vikombe vya udongo vya Memsahib vilivyofungwa magazetini. Hilo sikuligusa.

Mzee Nyongesa akaniambia nikiendelea hivyo yeye atasafiri ndani ya tundu, na kuku wakae kwenye kiti. Lakini alikuwa anasukuma pamoja nami.

Alasiri kona moja ikabaki wazi, pana kama ngozi ya mbuzi. Nikaketi pale na Cheptoo. Memsahib akaja, akatutazama, akacheka kidogo. Haya, toto aende.

Nilimnyonyesha papo hapo, ndani ya lori lile la majivu. Nilikuwa nimeshaanza kumwona Kemboi akifuta mikono kwenye suruali kabla ya kumpokea. Mtoto akinyonya koo hunikauka, nikamwomba mzee maji. Akaniletea kikombe kutoka kwenye tangi la nyumba. Nilikunywa nusu, mkono ukasimama.

Nikatazama mizigo upande huu na upande ule. Hakukuwa na debe hata moja la maji.

Sisi wa Ndabibi tuna ziwa pale chini na tangi ukutani. Nani hufunga mzigo wa maji? Nami nilikuwa nimesahau kama wenzangu, ingawa Kemboi alinitumia habari kupitia kibarua mwenzake kwamba huko waweza kutembea kutwa, na kila mto unaoukuta ni mchanga mtupu.

Madebe yangekaa wapi, kama si pale nilipoketi? Cheptoo alikuwa amenishika kidole. Nikamfikiria akilia kiu juani, na Peter naye kando yake.

"Mzee," nikasema, "hatukuweka maji."

Akatazama mstari wote, kisha akanitazama mimi na ile kona. Alielewa.

"Mama Cheptoo, ungengoja tufike Voi ndipo useme, mtoto asingerudishwa tena," akasema polepole.

"Na baada ya Voi, bila madebe, nitamnyonyesha nini?"

Akaenda kuleta madebe. Manne yalipokaa, kona ikaisha, nami nikawa nimesimama nje ya mstari na mtoto mgongoni. Memsahib alitoka barazani, akaona. Nikainua uso tena.

"Memsahib, kwenye beseni kuna vikombe tu. Porini hata kikombe cha bati kinatosha. Vikombe vibaki, mtoto akae humo."

Mzee Nyongesa aligeuka akaanza kuwachunguza kuku kana kwamba hajawahi kuona kuku. Vikombe vile Memsahib alipewa na mama yake, sote tulijua. Memsahib akapiga magoti, akatoa cha kwanza, akakilaza kwenye nyasi. Akatoa cha pili. Nikapiga magoti nami, tukawa tunatoa pamoja.

Nilitandika blanketi, nikamweka Cheptoo ndani. Akashika ukingo kwa mikono miwili, akatuchungulia mmoja mmoja, akaanza kulipigapiga bati.

Mzee Nyongesa akaja na majivu kiganjani. Pale tulipokuwa tumeukanyaga mstari ukafutika, akauchora upya, akaupitisha nje ya beseni, Cheptoo akiwa ndani.