Mtu wa Karibu wa Seremala

Nesi alimuuliza seremala alikaa karibu na nani kabla ugonjwa wa kuambukiza haujamlaza, ili wote wapimwe. Seremala, pumzi zikiwa za kuokoteza, akamtaja mama yake na fundi mwenzake, kisha akasita. Akanong'ona kwamba alikaa na baba yake pia, ila mama asijue. Mzee aliwatelekeza zamani, na nyumbani jina lake ni mwiko.

Mama na fundi walikutwa salama. Nesi akaenda kwa mzee, kwenye chumba kimoja nyuma ya gereji.

"Nimetajwa na nani?" mzee aliuliza.

"Na mwanao. Amesema wewe ni mtu wake wa karibu."

Mzee akafuta kiti kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi, akamkaribisha. Bila kuulizwa akaeleza jinsi kijana anavyomletea dawa za presha akitoka kazini, na wanavyokunywa chai kwa kupokezana kikombe, maana kingine kilivunjika. Alipoingizwa kijiti cha kipimo puani machozi yalimtoka, akatania kwamba hata polisi hawajawahi kumpekua hivyo. Kicheko kikaishia kwenye kikohozi kirefu.

Nesi akauliza kikohozi hicho kilianza lini. Mzee akajibu kilimwanza kabla mwanawe hajaugua, na palepale uso ukamsinyaa.

"Kumbe ni mimi niliyempa."

"Nani kampa nani, baba, hatuwezi kujua."

"Mimi najua."

Kipimo kilionyesha kirusi cha ugonjwa huo anacho, na pumzi zilikuwa fupi. Gari la wagonjwa likaitwa.

Getini pa hospitali alisimama mama wa seremala na furushi la nguo za mwanawe. Akamwona anayeteremshwa garini. Nesi alikuwa ameshika machela.

"Mwanangu huwa anakwenda kwa huyu?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

Siri haikuwa ya nesi kuitoa. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukawa jibu.

Seremala alipona. Baba yake hakutoka hospitalini mzima. Mama hakwenda mazikoni, ila ndiye aliyempigia mwanawe pasi shati la kwendea, akamkabidhi. Kijana akalipokea, asijue amshukuru au amwombe radhi.