Ndoa Iliyomtoa Lorna Chuoni

Wakubwa wanapenda kusema kwenye televisheni kwamba ndoa ndiyo inayolishikilia taifa. Waje hapa Grimsby, Uingereza, waniambie hivyo mimi, halafu twende wote makaburini wamwambie na mke wangu.

Lorna alirudi shule akiwa na miaka arobaini na moja. Alitaka kuwa mwalimu wa watoto wadogo. Alikuwa anamlea binti yake Tamsin peke yake, kwa hiyo serikali ilimpa mkopo wa kujikimu chuoni na posho ya mtoto. Mimi, mkata minofu kiwanda cha samaki, nilikuwa mchumba tu. Jioni nilikula kwake, kisha nikaenda kulala kwa dada yangu, maana tungekaa nyumba moja, mapato yetu yangehesabiwa pamoja. Watu wazima, tunaagana mlangoni kama watoto.

"Nenda, Wilf, majirani wanatuhesabia mabusu," alikuwa akinicheka.

Tulipanga kuoana akishamaliza. Akiwa amebakiza mwaka mmoja, mama yake, Ida, akashikwa na saratani.

"Mnangoja nife ndiyo mle keki?" Ida akatuuliza kutoka kitandani.

Nani angembishia? Padri akatutangaza kanisani Jumapili tatu, na mwezi wa nane tukaoana. Ida alikuja kwa kiti cha magurudumu, akala keki akaongezewa. Mwezi haukuisha, tukamzika.

Lorna mwenyewe ndiye aliyewaarifu watu wa ofisi ya mikopo kwamba ameolewa. Maxine, mwenzake wa darasani, alimjia juu.

"We Lorna, una wazimu? Si ungenyamaza tu! Nani angejua?"

"Padri katangaza mbele ya watu, Max. Halafu mimi nikawafundishe watoto wasiseme uongo?"

Basi wakamhesabia na mapato yangu. Tena si ya mwaka ule, ya mwaka juzi, kiwanda kilipokuwa na kazi mpaka Jumapili. Sasa tulikuwa tunaitwa siku tatu kwa wiki. Mkopo wakaupunguza, posho wakaifuta. Eti mume atajazia. Nikapiga simu.

"Pole, bwana. Mfumo ndivyo ulivyo," akasema dada wa ofisini.

"Huo mfumo unakula nini jioni?" nikamuuliza.

Akakata simu.

Nikamwambia Lorna, "Tuachane kwenye makaratasi tu. Nirudi kwa dada mpaka umalize."

Alikuwa anakunja nguo za Tamsin. Hakuinua uso. "Nimeapa mama akiniangalia, Wilf. Usiniambie hilo tena."

Sikumwambia tena. Kabla ya Krismasi akaacha chuo, akaanza kufagia wodi hospitalini. Baadaye sana Maxine akaja kutueleza kwamba mtu ambaye mapato yake yameshuka anaruhusiwa kuomba wahesabu ya mwaka ule ule. Yule dada wa simu alilijua hilo. Kazi yake ilikuwa kulijua. Hakulisema.

Wenzake walipohitimu, Lorna alitaka kwenda. Tulisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na ukumbi, kwenye upepo, akawapigia makofi wote, hata wale asiowajua. Maxine akavuka na joho lake, akataka kumvalisha kofia.

"Acha, Max, utanivuruga nywele," Lorna akasema, akageukia ukuta.

Majira ya baridi yaliyofuata mapafu yakamshinda.

Nilikwenda kuandikisha kifo. Mwandikishaji, kijana mpole, akauliza kazi ya marehemu.

"Mwalimu," nikasema.

"Alifundisha shule gani, bwana?"

Akaniuliza tena, taratibu, nikamwambia ukweli, maana Lorna asingependa nidanganye. Akaandika: msafishaji, mke wa Wilfred Garside, mkata samaki. Kisha akanigeuzia karatasi nihakikishe kama majina yako sawa.

Yalikuwa sawa.